Vijiko Vitano vya Chumvi ya Majivu

"Wazima!" Dokta Hadsoni alipaza sauti bila kuondoa jicho kwenye hadubini. "Konsolata! Siku ya tisa leo, na wote wazima!"

Konsolata alikuwa mlangoni, ndoo ya maji ya moto mkononi. Mtu mwingine angeitua ndoo akapiga kigelegele, maana kwa miezi kumi na minne hakuna chembe hata moja iliyovuka siku ya nne katika chumba kile. Yeye alisimama kama mtu aliyesikia kwamba mwizi wa kuku amejulikana, na kuku bado yumo ndani ya kapu lake.

"Tumshukuru Mungu, Dokta," akasema.

"Mungu na betri!" Dokta akacheka, akaipiga kofi betri ya lori iliyokaa mezani kama bibi harusi, nyaya mbili zimemtoka masikioni. Halafu akainama tena, na kicheko kikapungua. "Ila hata kisahani kisicho na waya ni kizima. Hilo silielewi."

Konsolata alilielewa, au alidhani analielewa, na ndiyo sababu hakuitua ndoo.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya hospitali ya misheni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka boma la Njombe. Zamani kilikuwa stoo ya mahindi, na panya wa zamani hawakuwa wamearifiwa mabadiliko. Dokta Hadsoni aliwatibu wenye ukoma asubuhi, na mchana alijifungia humo na mayai. Kila wiki alinunua mayai yaliyoatamiwa siku nane, akayapasua, akatoa kitu kidogo kuliko punje ya ulezi kutoka kwenye mgongo wa kifaranga ambaye hajajua kama ni kuku. Kitu hicho akakiweka kwenye kisahani cha kioo chenye maji ya chumvi na damu iliyochujwa, akakifungia ndani ya kabati la joto; visahani vingine alivipa umeme kidogo wa betri kwa waya. Watu wa kijijini walimwita Bwana Mayai. Wengine waliapa kwamba Wazungu hula vifaranga kabla hawajazaliwa, ndiyo maana hawaonekani wakinenepa.

Lakini Konsolata alijua. Dokta alikuwa amemweleza mwaka ule alipomwajiri, akiwa ameishika mikono yake yote miwili kana kwamba ni mikono ya mtu yeyote.

"Ukoma haukuli vidole," alisema. "Unaua mishipa ya fahamu kwanza. Kidole kisichosikia huungua, hujikata, huoza. Mimi nataka kujua jambo moja tu: chembe ya mshipa wa fahamu ikikaa peke yake, mbali na mwili, inataka nini ili isife? Ikiwa hai utaona nyuzi kama mizizi, ikifa hakuna."

Ukoma wa Konsolata ulikuwa umepona, karatasi ya kupona anayo. Vidole vyake vilikuwa kumi, hesabu kamili, ila saba kati yake havikusikia moto, baridi wala mwiba. Kumpa mtu kama huyo kazi ya kuosha vioo vyembamba kama ganda la kitunguu, kila mtu aliona ni mzaha. Basi wakakosea. Mtu mwenye vidole vizima huosha glasi huku akitazama dirishani. Konsolata hakuwa na anasa hiyo. Macho yake yalikuwa yamechukua kazi ya vidole. Alikitazama kila kisahani tangu kinapoingia majini hadi kinapokauka, na kwa mwaka mzima hakuvunja hata mrija. Baadaye Dokta akamwachia hata kutengeneza maji ya chumvi: chumvi kubwa vijiko kadhaa, chumvi ndogo kijiko kimoja cha pembe, bapa, bila kilima. Kisha tone la dawa nyekundu inayosema ukweli: maji yakiwa sawa yana rangi ya waridi, yakiharibika yanageuka zambarau. Yakigeuka, unapuliza pumzi yako kwa mrija wenye pamba, taratibu, mpaka waridi lirudi.

Chumvi ndogo, ile Dokta aliyoiita potasiamu, ilikaa kwenye chupa yenye herufi K. Na chupa yenye herufi K ndiyo iliyomponyoka mwezi wa tatu, siku ambayo mvua ilipiga bati mpaka akageuza macho mara moja tu. Vidole havikumwambia kitu. Masikio ndiyo yaliyomwambia, na chumvi ikachanganyika na vigae sakafuni.

Njombe mwezi wa tatu si mahali pa kuagiza chupa. Malori yalikuwa yamezama matopeni kote kuelekea Makambako, na Dokta alikuwa na sheria moja: mtu akivunja, aseme, asiyesema, aende. Nahumu, mwosha vioo aliyemtangulia, alijaza maji ya kijito kwenye dumu la maji ya mvuke, akanyamaza, akaenda. Konsolata mwenyewe ndiye aliyemfungia viazi vya njiani.

Alitaka kusema, jamani. Alifika hadi mlango wa Dokta. Hapo akakumbuka msumari.

Msumari huo ulikuwa Mahongole, nyumbani kwa kaka yake Tarsis, ukutani upande wa nje. Juu yake kilitundikwa kikombe cha bati cha Konsolata, peke yake, mvua yake na jua lake. Hakuna aliyemtukana pale. Walimpa ugali wa kushiba na maneno mazuri, ila kikombe hakikuvuka kizingiti. Akifukuzwa kazi, huko ndiko kwake.

Akarudi nyuma. Chumbani kwake alikuwa na kibuyu cha chumvi ya majivu, ile ambayo mama yake alimfundisha kuitengeneza: unachoma matete ya bondeni, unayachuja majivu kwa chungu chenye matundu, unachemsha maji yake mpaka yakauke. Akaiyeyusha kwa maji ya mvuke, akaichuja kwa pamba, akaikausha; akarudia mara tatu, mpaka ikawa nyeupe kama ya dukani. Akaitia kwenye chupa tupu ya kwinini, akabandika ile karatasi yenye K kwa uji mzito. Ilikaa upande kidogo, kama kofia ya mlevi.

Likabaki suala la kipimo. Na hapo Konsolata akafanya kosa ambalo mwanamke yeyote wa nyanda zile angelifanya. Chumvi ya majivu ni pole. Jikoni, penye kijiko kimoja cha chumvi ya dukani, unatia vitano vya majivu, la sivyo mboga inalia. Basi akatia vitano. Maji yakageuka zambarau kama joho la askofu. Akaketi, akapuliza kwa mrija, akapuliza mpaka kichwa kikazunguka, na waridi likarudi.

Hizo ndizo chembe zilizokuwa na siku ya tisa.

*

Alhamisi mgeni alitarajiwa. Alikuwa daktari mkuu kutoka Dar es Salaam, aliyekuja kutazama kama chumba cha mayai kina faida au kirudishwe kwa mahindi. Jumatatu Dokta Hadsoni, akiwa na furaha ya mtoto, akaanzisha kundi jipya la kumwonyesha. Chupa mpya ya K ilikuwa imewasili kwa lori, imefungwa vizuri na muhuri wake. Konsolata akapima kijiko kimoja, bapa, bila kilima. Nini kingine angefanya? Ilikuwa chumvi ya kweli, kipimo cha kweli.

Alhamisi asubuhi chembe mpya zote zilikuwa zimekufa. Dokta hakupaza sauti. Aliketi, akaitazama betri kama mtu anayemtazama rafiki aliyemkopesha koti na kuliona limevaliwa na mwingine.

"Nenda Makambako na Sila," akasema mwishowe. "Kuna sanduku la vioo linakuja na mgeni. Likae mapajani mwako, si nyuma chini ya turubai. Na huyo mgeni... mwambie karibu."

Sila alikuwa dereva wa lori la misheni, mtu ambaye mdomo wake ulitembea maili nyingi kuliko magurudumu.

"Kamwene, shangazi!" alimlaki. "Leo unakwenda kupokea wakubwa. Ungejipaka mafuta basi, uso umekauka kama barabara ya Julai."

"Endesha, Sila."

"Naendesha. Betri yangu mmeshaimaliza? Maana nasikia mnawapa vifaranga umeme. Siku moja kuku wa misheni atawika, taa iwake."

Konsolata alicheka bila kupenda, na kicheko kikafungua mlango uliokuwa umefungwa wiki tatu. Kabla hawajafika nusu ya njia alikuwa ameshamweleza yote: chupa, kibuyu, vijiko vitano.

Sila alipunguza mwendo. Kwa Sila, hilo lilikuwa tukio.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe na Mungu."

"Basi Mungu hasemi, na mimi nimesahau tayari. Shangazi, sikiliza. Mgeni akija, ataona zile za zamani ziko hai. Zile zilizokufa, Dokta atazitupa. Wewe nyamaza. Kuku aliyekula kiluwiluwi hatangazi."

"Na Dokta je? Atasema ni betri. Atajenga juu ya betri miaka kumi, na chembe zitakufa miaka kumi."

"Si zako."

Konsolata aliitazama mikono yake iliyolala mapajani. "Zilikuwa zangu," akasema. "Zilipokufa, nilikuwepo."

Sila akapiga honi bila sababu, mbuzi mmoja akaruka.

Makambako, basi la kutoka Iringa lilichelewa, kwa hiyo walipita Mahongole kumsalimia Tarsis. Wifi yake alimpokea kwa shangwe, akatoka nje, akakitwaa kikombe msumarini, akakisuuza, akamletea chai pale pale barazani. Sila alipewa yake ndani, kwenye kikombe cha udongo chenye maua. Alikitazama cha kwake, akakitazama cha Konsolata. Akabeba kikombe chake chenye maua, akatoka, akaketi kando yake kwenye ngazi.

"Chai ya nje ina hewa," akasema.

"Kaka," Konsolata alimwambia Tarsis wakiagana, "huenda nikarudi. Siku si nyingi."

"Hapa ni kwenu," Tarsis alijibu, na alimaanisha. Nyuma yake wifi alikuwa anakirudisha kikombe msumarini.

*

Mgeni alikuwa mzee mrefu mwenye mafua, na Kiswahili chake kilikuwa cha mashambani kwa Wazungu, kile cha kuamrisha tu. Mpaka wanafika misheni alikuwa amesema maneno manne: baridi, polepole, ngapi maili, na baridi tena. Konsolata alikaa katikati, sanduku la vioo mapajani, macho hayabanduki kwenye kamba.

Chumbani mgeni hakuvua hata koti. Akainamia hadubini, akatazama kundi la kwanza kwa muda mrefu. Akatazama la pili kwa muda mfupi.

"Mara moja ni bahati," akasema. Kisha Kiingereza kikamiminika, na Konsolata akakielewa kwa kuutazama mgongo wa Dokta Hadsoni, ambao ulikuwa unainama kidogo kidogo kama mhindi uliokosa maji. Mgeni akaigusa betri kwa kidole. Akatazama dari, ukuta, sakafu. Yalikuwa macho ya mtu anayehesabu magunia yataingia mangapi.

Halafu akageukia Kiswahili, pengine kwa heshima ya ushahidi. "Maji ya kwanza, nani nafanya?"

"Konsolata," akasema Dokta.

"Maji ya pili?"

"Konsolata."

"Basi. Mkono moja, chumvi moja. Ile bahati."

"Si chumvi moja," akasema Konsolata.

Sila, aliyekuwa mlangoni na sanduku la nguo la mgeni, alifumba macho.

"Nilivunja chupa ya K mwezi wa tatu, Dokta. Nilitia chumvi ya majivu, ya kwetu. Hii mpya ilipokuja nikarudi kwenye kijiko kimoja cha dukani."

Mvua ilisikika mbali, upande wa miti ya miwati. Dokta Hadsoni alikwenda kabatini, akaitoa chupa ya kwinini, akaigeuza. Akaipitisha kucha chini ya karatasi. Uji uliokauka ukadondoka kama ukoko.

"Ulivunja," akasema.

"Nilivunja."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Unajua Nahumu aliondoka kwa nini."

"Najua. Nilimfungia viazi." Akaokota ule ukoko wa uji sakafuni. "Mimi nimekwisha jiandaa, Dokta. Ila usiwapotezee muda na betri bure wagonjwa watakaokuja."

Dokta alifungua mdomo, lakini mgeni akamtangulia. Mafua yalikuwa kama yamemwacha ghafla.

"Vijiko ngapi?"

"Vitano."

"Kwa nini tano?"

Konsolata akamtazama kwa mshangao. Mtu mzima, hajui kitu hicho. "Kwa sababu chumvi ya majivu ni pole, Bwana. Ukitia kimoja, mboga haina ladha."

Mgeni alimtazama Dokta. Dokta alimtazama mgeni. Dokta akachukua chaki akaandika ukutani, akafuta kwa kiwiko, akaandika tena. Mgeni akamnyang'anya chaki. Sasa Kiingereza kilikuwa cha watoto wawili wanaogombea manati. Katika ugomvi huo mgeni, koo likiwa limemkauka, alinyoosha mkono dirishani bila kutazama, akakitwaa kikombe cha bati chenye chai ya asubuhi kilichosimama chini ya msumari, kile anachotumia Konsolata kazini. Konsolata mwenyewe ndiye aliyeupigilia msumari huo, mtu asije akakosea kikombe. Mgeni akanywa yote, akajifuta sharubu, akaendelea kubisha.

Sila na Konsolata walitazamana.

"Njoo," Dokta alimwita hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua, kama ya mtu aliyekuwa akitafuta miwani iliyokuwa usoni pake. "Chembe ni betri ndogo. Ndani yake imejaa chumvi ndogo, nje imejaa chumvi kubwa, na tofauti hiyo ndiyo umeme wake. Mimi mwaka mzima nimeleta umeme kwa waya kutoka kwenye lori la Sila. Chumvi ya majivu nayo ni chumvi ndogo hiyo hiyo; wewe, ukiitia mara tano nje, umeubadilisha umeme wa chembe yenyewe. Kwa kijiko. Nadhani umeiamsha."

"Nadhani!" mgeni akadakia, kidole juu. "Nadhani si jua. Labda majivu nayo ile uchafu nzuri. Labda bahati bado." Akahesabu kwa vidole, taratibu, akimtazama Konsolata, si Dokta. "Kisahani moja, chupa, kijiko moja. Kisahani mbili, chupa, kijiko tano. Kisahani tatu, majivu, tano. Wewe nafanya. Mimi naona."

"Basi linaondoka kesho, Bwana," Sila akakumbusha.

"Basi nakwenda yenyewe," mgeni akasema. "Sanduku shusha."

Dokta Hadsoni alibaki na chupa ya kwinini mkononi. "Na habari ya chupa," alimwambia Konsolata, bila ukali na bila tabasamu, "tutaongea siku ya tano."

"Sawa, Dokta."

Akanawa mikono. Akapima, bapa, bila kilima, wazee wawili wa Kizungu wakimpumulia shingoni kama ndama. Kisahani cha tatu maji yalipogeuka zambarau, mgeni aliguna. Konsolata akachukua mrija wenye pamba, akapuliza. Alipuliza kama mama yake alivyokuwa akipuliza moto wa kuni mbichi, hana haraka wala hakati tamaa, macho hayabanduki kwenye rangi. Hakuna mwingine misheni aliyefundishwa kupuliza hivyo, na mzee yule mwenye mafua, bila kujijua, alikuwa naye ameyatunisha mashavu.

Waridi likarudi.

*

Siku nne Konsolata hakuombwa afunge virago, wala hakuambiwa asifunge. Alivifunga, akavisukuma chini ya kitanda. Alikata utambi wa taa ya kabati la joto asubuhi na jioni, akaosha alichopewa aoshe. Mgeni alizunguka uwanjani amejitanda blanketi, akila viazi vya kuchoma vya Sila na kuuliza wanawake matete huchomwa mwezi gani. Kila alipotaka chai alikwenda moja kwa moja dirishani.

Asubuhi ya siku ya tano ukungu ulikuwa umekaa mpaka kwenye madirisha. Dokta alivitoa visahani vitatu kabatini, akavipanga. Hakuinama kutazama. Alikivuta kigoda, akakipangusa kwa mkono wa koti lake, akasogea kando.

"Tazama wewe kwanza," akasema.

"Mimi sijui kutazama, Dokta."

"Umetazama kuliko sisi sote."

Kwa mwaka na zaidi Konsolata alikuwa ameipangusa hadubini ile kila siku, na hajawahi kuweka jicho. Akaketi. Sila alikuwa mlangoni, kofia mkononi, kama aliye kanisani. Mgeni alikuwa dirishani na kikombe cha bati.

Mbele yake visahani vitatu, vyote waridi. Akakichukua cha tatu kwa vidole visivyosikia, akikitazama njia nzima, akakiweka mahali pake bila kutikisa hata maji.

Mwanzoni aliona kope zake tu.

"Zungusha hicho," Dokta akamnong'oneza. "Polepole."

Akaweka kidole kwenye kitufe. Hakukisikia. Basi akafanya kama alivyofanya maisha yote: jicho moja akaliacha wazi nje likikilinda kidole, la pili akalishusha kwenye mwanga, akazungusha, polepole, polepole, na ule weupe ukaanza kupata mistari, myembamba, ikitawanyika kama mizizi.